Kikonyo Chenye Maziwa: Kuitafuta Mimepo ya Kusini mwa Ontario

Miche mitatu niliyoipanda kwenye ukingo wa korongo la mto Don, jijini Toronto, ilikuwa haijafika hata urefu wa goti. Niliichomoa kutoka kwenye ufa wa lami mbele ya jengo ninaloishi, ambako kila mwezi wa Mei huchipua kwa mamia, nikaitunza roshani katika makopo ya rangi niliyoyatoboa chini, na Septemba ilipofika nikateremka nayo bondeni kwa miguu, nimeikumbatia kama mtu anayebeba mtoto kwenda kliniki. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ninairudishia Canada, nchi iliyonipokea, mti wake wenyewe, mmepo (kwa Kiingereza maple), ule ambao jani lake jekundu limekaa katikati ya bendera tangu tarehe 15 Februari 1965.

Wiki moja baadaye nilimwonyesha mzee mmoja wa Malindi, jirani yangu, ambaye kabla ya kustaafu alifanya kazi ya kutunza bustani za watu katika jiji hili kwa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda nini hapo?"

"Mepo, mzee. Ule wa bendera."

Aliinama taratibu, mkono mmoja kwenye fimbo, akachuma jani la mche wa katikati, akakivunja kikonyo chake na kukibana kwa ukucha wa kidole gumba. Tone jeupe zito likajitokeza, jeupe kama utomvu wa papai bichi. "Waona? Wa bendera hautoi maziwa. Huu ni wa Norwei. Watu huja huku Jumamosi kuung'oa, nawe umekuja kuupanda."

Hakusema kwa ukali, lakini maneno yale yalinikaa. Nimeishi karibu na miti tangu nizaliwe. Nilikulia Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na nilijua kutofautisha mvule na mkangazi kabla sijajua kusoma. Kule nilikotoka, mtu asiyejua mti unaoota mlangoni pake huhesabiwa kuwa bado hajahamia. Kwa hiyo tangu siku ile nimekuwa nikitembea kusini mwa Ontario, jimbo la Canada ulimo mji wa Toronto, nikiuliza swali moja: mmepo gani unaota wapi, na nani aliuleta. Makala haya ni majibu niliyoyapata.

Kwanza jina. Kiswahili hakikurithi neno la mti huu kwa sababu mababu zetu hawakuuona. Jenasi hii, ambayo wataalamu huiita Acer, ina spishi zaidi ya mia moja, na nyingi zaidi ziko Asia, hasa China na Japani. Afrika inazo chache tu, kwenye milima ya Morocco na Algeria, na kusini ya Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Waswahili wa Toronto husema tu "mepo", nami nitaandika mmepo na mimepo, kwa kuwa kila mti unaopata jina katika lugha yetu huingia katika ngeli ya miti na kupata heshima yake.

Alama ya kwanza ya kuutambua si jani, ingawa kila mtu hukimbilia jani. Ni mpangilio wa matawi. Majani ya mmepo hutoka mawili mawili yakitazamana, na matawi vivyo hivyo, kama mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Miti mingi ya misitu ya huku hutoa jani moja upande huu, kisha moja upande ule, kwa kupokezana. Nilipolijua hilo nilishtuka kutazama ile sarafu ndogo ya senti moja ya Canada, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2012: kitawi chake chenye majani mawili, kilichochorwa mwaka 1937, kinaonyesha majani yaliyopishana. Nchi nzima ilibeba mfukoni kwa miaka 75 kitawi ambacho hakuna mmepo unaoweza kukitoa.

Canada ina spishi 10 za mimepo ya asili, na saba kati ya hizo ziko Ontario. Tatu zilizobaki ni za upande wa Bahari ya Pasifiki, na sitazisemea kwa kuwa sijazifikia. Hizi saba nimeziona zote, nyingine kwa kwenda na basi na kulala kwenye hema, na jambo lililonigusa zaidi ni jinsi kila moja ilivyojichagulia mahali pake kwa ukaidi.

Mmepo wa fedha ni mti wa maji. Ukiutaka, fuata mto unaofurika, kwa sababu hukaa kwenye kingo na mabonde ambayo kila mwaka theluji inapoyeyuka huzama kwa siku kadhaa. Jani lake limechanjwa kwa kina, na upande wa chini ni mweupe unaong'aa, hivyo upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi kama samaki wanaogeuka majini. Mbegu zake hukomaa mapema, kabla majira ya joto hayajapamba moto, huanguka kwenye tope lililoachwa na mafuriko na kuota papo hapo, wakati mbegu za mmepo wa sukari husubiri vuli, majira ya majani kupukutika, na kuota baada ya baridi kupita. Toronto ya zamani iliupanda sana mitaani kwa kuwa hukua haraka, na mmoja wao, katika mtaa wa Leslieville, uliheshimiwa kwa vizazi kwa sababu husemekana kwamba jani lake lilimpa mtunzi mmoja wazo la wimbo wa kizalendo wa mwaka 1867. Uliangushwa na dhoruba tarehe 19 Julai 2013, na watu walikusanyika kuuaga kana kwamba ni msiba.

Mmepo mwekundu hauchagui sana, nao ndio niupendao kwa uvumilivu wake. Nimeukuta umesimama ndani ya kinamasi, na siku iliyofuata nikaukuta juu ya mwamba mtupu wa Ngao ya Canada, ule uwanda mkubwa wa mawe ya kale wenye udongo wa kina cha kiganja. Aprili, kabla ya jani lolote, hutoa maua madogo mekundu ambayo kwa mbali huonekana kama moshi wa rangi juu ya matawi. Unafika mbali kaskazini kuliko wa sukari, hadi nchi ya misonobari na baridi kali.

Mmepo wa mistari na mmepo wa milimani ni midogo, ni miti ya chini ya kivuli cha wenzao. Wa mistari una gome la kijani lenye michirizi myeupe iliyosimama, na wa milimani ni kichaka zaidi kuliko mti, hupenda mahali pabichi na penye ubaridi, na ndio unaosonga kaskazini zaidi kati ya hiyo miwili. Mmepo mweusi ni ndugu wa karibu wa mmepo wa sukari, na baadhi ya wataalamu huuhesabu kuwa namna tu ya huo wa sukari. Hupatikana zaidi kusini-magharibi, kwenye udongo wenye rutuba na chokaa, na majani yake huning'inia kama yaliyochoka hata asubuhi.

Mmepo wa sukari unastahili kutulia nao. Huu ndio jani lake lilikuwa mfano wa jani la bendera, ingawa la bendera lilirahisishwa likabaki na ncha 11. Hupenda udongo mwingi wenye unyevu usiotuama na wenye kalisi ya kutosha, kwa hiyo vilima vya kusini mwa Ontario vyenye chokaa chini yake ndivyo makao yake makuu. Kaskazini huishia karibu na ukingo wa Ziwa Superior na misitu iliyo juu kidogo ya Ziwa Nipissing. Katika hifadhi ya Algonquin, iliyotengwa mwaka 1893, mpaka wake huonekana kwa macho: upande wa magharibi, kwenye vilima vyenye udongo wa kina zaidi, ni mimepo ya sukari kilima kwa kilima, na ukienda mashariki ambako udongo ni mchanga, misonobari inatawala. Huko Pelham, katika rasi ya Niagara, umehifadhiwa mmepo wa sukari mmoja unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 500 hivi. Niliuzunguka mara tatu bila kusema neno. Matawi yake yamefungwa nyaya yasipasuke, na shina lina makovu yaliyozibwa kwa matofali, lakini juu kabisa majani yalikuwa mabichi kama ya mche.

Machi nilialikwa kwenye msitu wa sukari, saa mbili za gari kutoka mjini. Neno lilinijia kabla hata sijaona kazi yenyewe: kugema. Hakuna neno la Kiswahili linalofaa zaidi. Mgema wa huku hapandi juu kama mgema wa mnazi, hutoboa shina kwenye kimo cha kiuno, tundu la kina kifupi, akachomeka bomba dogo na kutundika ndoo au kuunganisha mpira. Lakini subira ni ileile, na kutegemea hali ya hewa ni kulekule. Inatakiwa usiku kuganda na mchana kuyeyuka, kwa siku nyingi mfululizo, kwani mabadiliko hayo ya baridi na joto ndiyo yanayosukuma maji ndani ya shina. Maji yenyewe ni meupe, mepesi, na utamu wake ni kidogo mno, kama asilimia 2 ya sukari. Nilionja kwa kukinga kiganja, na kama nisingeambiwa ningedhani ni maji ya theluji. Kisha huchemshwa kwenye sinia pana juu ya moto wa kuni mpaka lita 40 zibaki lita moja. Mvuke ulijaa bandani, nguo zangu zikanukia, nami nikamkumbuka bibi yangu akiongelea asali ya tembo, ile iliyopikwa kwa tembo la mnazi likiwa bado tamu, kabla halijachacha. Watu wawili waliotenganishwa na bahari waliujaribu mti wao na wakafikia moto uleule na chungu kilekile.

Na si Wazungu walioanza. Waanishinaabe, watu wa asili wa huku, wamegema katika ardhi hii tangu zamani kabla ya meli za Ulaya. Mti huu kwao ni *ininaatig*, na mahali pa kupikia sukari ni *iskigamizigan*. Mwezi wa kuchemsha una jina lake katika kalenda yao. Mtu anapouliza mmepo wa sukari ni mwenyeji wa wapi, jina hilo pekee linatosha kuwa jibu.

Mti wa saba ndio ulionitatiza. Mmepo wa Manitoba haufanani na wenzake: jani lake limegawanyika vijani vitatu au vitano vilivyojitenga, na mtu anayeuona mara ya kwanza hakubali kwamba ni mmepo. Ni mti wa Canada bila shaka, lakini makao yake hasa ni nyanda za magharibi, kando ya mito ya Manitoba na Saskatchewan. Toronto umejaa kila mahali palipovurugwa: nyuma ya maghala, kandokando ya reli, kwenye mteremko ulioporomoka, katika makorongo. Ulipandwa kwa kuwa ni mgumu, ukajieneza wenyewe. Je, ni mwenyeji au mgeni? Nilimuuliza mzee wa Malindi, akanijibu kwa kuniuliza kuhusu kwetu: "Na ule musizi wa huko Amani je?"

Alinipata. Musizi, unaoitwa kitaalamu Maesopsis eminii, ni mti wa asili wa Tanzania. Huota wenyewe kule Kagera, katika misitu ya upande wa Ziwa Victoria. Lakini Usambara Mashariki haukuwapo hadi ulipoletwa na watu, na baada ya kuletwa, hondohondo wakala matunda yake na kudondosha mbegu ndani ya msitu, kila mahali mti mkubwa ulipokatwa musizi ukachukua nafasi. Nilikua nikiuona mti huo njiani kwenda shule na sikujua kamwe kwamba ni mgeni wa pale. Pasipoti ya nchi haiusaidii mti. Mti ni mwenyeji wa udongo fulani, wa mvua fulani, wa ndege fulani, na mpaka wa taifa hauonekani kwenye mizizi. Tangu siku hiyo nimeacha kusema "mti wa Canada". Nasema mti wa korongo hili, au wa kinamasi kile.

Sasa wa Norwei, mti niliouchukua katika ufa wa lami. Jina lake la kitaalamu ni Acer platanoides, na licha ya jina la kawaida, hauoti Norwei peke yake; eneo lake la asili linaenea sehemu kubwa ya Ulaya hadi Asia ya Magharibi. Ulifika Amerika Kaskazini mwaka 1756, kupitia bustani ya John Bartram wa Philadelphia. Kwa muda mrefu ulikuwa pambo la matajiri. Kilichoufanya uwe wa kila mtu ni msiba wa mti mwingine. Miti ya elmu, iliyokuwa ikitandaza matawi juu ya mitaa ya miji ya Ontario kama paa la msikiti, ilianza kufa kwa ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na mbawakawa, ugonjwa ulioingia Canada katika miaka ya 1940. Mitaa ikabaki uchi. Manispaa zilihitaji mti unaokua upesi, unaovumilia moshi, udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Mmepo wa sukari hauwezi chumvi hiyo. Wa Norwei unaiweza. Ukapandwa mtaa baada ya mtaa, pamoja na ndugu yake wa kitaluni mwenye majani ya zambarau iliyokolea, mpaka ukawa mti mwingi kuliko wote kandokando ya barabara za Toronto.

Siwalaumu waliopanda. Kivuli chake ni kizito, na Julai, joto linapopanda, nimeona wazee wakihamisha viti vyao kukifuata. Tatizo limeanza mbegu zilipovuka barabara.

Toronto ni jiji la makorongo. Don, Humber, Rouge na vijito vyao vimechimba mabonde marefu yenye misitu yanayopita katikati ya nyumba, na nyumba nyingi zimejengwa kwenye kingo zake, kila moja na mmepo wake wa Norwei mbele. Mbegu za mti huu zina mabawa mawili yaliyonyooka karibu mstari mmoja, kama sharubu, tofauti na mabawa ya mmepo wa sukari yaliyoinama kama kiatu cha farasi. Vuli upepo huzizungusha na kuzishusha bondeni kwa maelfu. Zikifika huota kwenye kivuli, na zikishaota hutoa kivuli kingine chao, kizito kuliko cha mimepo wenyeji, huku mizizi yao ya juujuu ikinyonya unyevu wa tabaka la kwanza. Maua ya machipuko, yale madogo yanayowahi kuchanua kabla msitu haujafunga majani, hayapati mwanga. Mwaka 1977 wataalamu walichunguza mimea ya makorongo kadhaa ya jiji hili, na miaka 40 hivi baadaye wengine wakarudi mahali palepale. Walikuta mmepo wa Norwei umeongezeka mno na miche ya wenyeji imepungua. Ukitaka kuliona hilo bila kitabu, teremka mapema Novemba. Mimepo ya sukari na myekundu imeshapukutisha yote, mialoni imekauka rangi ya kahawia, na katikati ya uchi ule kuna mabaka makubwa ya kijani na manjano. Hayo mabaka ndiyo ramani. (Neno vuli kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na huku tunalitumia kwa majira ya majani kupukutika; nimefurahi kuona kwamba miezi ni ileile.)

Kwa karibu zaidi, jani lake lenyewe hujitangaza. Ni pana kuliko refu, na mwisho wa majira ya joto hutokwa na madoa meusi ya duara, makubwa kama senti, mfano wa lami iliyodondoka. Ni kuvu inayolipenda jani hilo. Nilipoyaona mara ya kwanza kwenye miche yangu nilidhani nimeimwagia kitu.

Mwaka 2012 Benki Kuu ya Canada ilianza kutoa noti za plastiki za dola 20, na muda mfupi baadaye mtaalamu wa mimea, Sean Blaney, akasema hadharani kwamba jani lililochorwa juu yake ni la mmepo wa Norwei. Benki ilijibu kwamba ni jani la kisanii lisilokusudiwa kuwa la spishi yoyote moja. Nimelitazama jani hilo mara nyingi nikiwa kwenye foleni dukani, na naegemea upande wa mtaalamu. Lakini simshangai mchoraji. Anayeishi mjini akiambiwa achore mmepo, atatoka nje na kuchora ule ulio mlangoni, na mlangoni upo wa Norwei. Ndivyo nilivyofanya na mimi.

Wageni wengine nitawataja kwa ufupi. Mmepo wa Japani hukaa bustanini na kutulia, mdogo, mzuri, sijauona umetoroka. Mmepo wa Amur, kutoka kaskazini-mashariki ya Asia, hupandwa kama ua na hugeuka mwekundu wa kupendeza, ila nimeuona mara kadhaa kwenye malisho yaliyoachwa ambako hakuna aliyeupanda. Wa tatu ni wa Ulaya, Acer pseudoplatanus, na una kisa cha jina kinachotuhusu. Waingereza waliuona una jani pana, wakaufananisha na mti waliousoma kwenye Biblia, ule ambao Zakayo alipanda ili amwone Yesu, na jina la mti huo, sycamore, likabaki. Mti wa Zakayo katika Biblia ya Kiswahili ni mkuyu, na mkuyu ndio kweli: mtini wetu wenye matunda ya kushikamana na shina, unaoota kando ya mito kuanzia kwetu hadi Misri na Palestina. Kwa hiyo mmepo mmoja wa Ulaya umebeba kwa karne nyingi jina la mkuyu wetu bila ya kuwa na udugu nao wowote.

Jambo moja zaidi lazima niliseme kuhusu kupanda mti wa aina moja mji mzima. Mwaka 2003, kwenye mpaka wa Toronto na Vaughan, aligunduliwa mbawakawa wa Asia mwenye vipapasio virefu, mdudu aliyekuja ndani ya mbao za kufungia mizigo na anayependa mimepo kuliko kitu kingine, wenyeji na wageni bila kubagua. Maelfu ya miti yalikatwa na kusagwa. Alidhaniwa ameisha, akaonekana tena Mississauga mwaka 2013, na ni mwaka 2020 tu ndipo ilipotangazwa kwamba ametokomezwa. Elmu ilikuwa imekwisha kutoa funzo, na bado mitaa ilijazwa mti mmoja tena. Siku hizi mwenye nyumba anaweza kuiomba manispaa impandie mti bure mbele ya nyumba yake, naye huchagua miongoni mwa aina nyingi. Nimewashawishi majirani wanne, wawili wao Wakongo kutoka Bukavu, wachague mwaloni au mmepo mwekundu.

Miche yangu mitatu sikuing'oa vuli ile. Niliona uchungu, nikajiambia nitangoja. Niliporudi Mei, mmoja ulikuwa umegugunwa na sungura mpaka mzizini, na miwili ilikuwa hai, imeongeza kiganja kimoja. Kuizunguka, katika eneo la hatua kumi kwa kumi, nilihesabu michipukizi 43 ya Norwei ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa laini. Mzee wa Malindi alikaa kwenye gogo na kunielekeza: shika chini kabisa, vuta polepole, usikatie mzizi ndani. Tulianza na ile miwili yangu. Ilitoka kwa urahisi, na harufu ya udongo mbichi ikapanda. Kisha nikaendelea na iliyobaki, nikiirundika kando, mpaka mgongo ukauma.

Karibu na gogo, chini ya majani makavu, palikuwa na mche mmoja mwembamba wenye majani manne na kichipukizi chembamba kilichochongoka, rangi ya kahawia. Nilimtazama mzee, naye hakusema kitu. Nikachuma jani moja, nikavunja kikonyo, nikakibana kwa ukucha na kungoja.

Kilitoa maji.